Herakles, Yi na Yu: Kipimo cha Ushujaa katika Visasili vya Wagiriki na vya Wachina

1. Utangulizi

Wanafunzi wanaoanza kusoma visasili vya mataifa mbalimbali hupenda kulinganisha, na walimu wao huwahimiza kufanya hivyo. Jambo hili ni jema, lakini lina hatari yake. Mara nyingi anayelinganisha huanza na habari anazozifahamu, huzigeuza kuwa mizani, kisha huokota katika habari ngeni vipande vile tu vinavyokaa vizuri katika mizani hiyo. Hivyo ndivyo Yi, mpiga upinde wa Wachina wa kale, alivyopata kuitwa "Herakles wa China", na Gun, aliyeiba udongo wa mbinguni ili kuzuia gharika, kuitwa "Prometheus wa China". Ni nadra sana kumsikia mtu akimwita Herakles "Yi wa Ugiriki". Upande mmoja umekuwa mizani siku zote, na upande wa pili umekuwa mzigo unaopimwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kama majina hayo ya kupachikwa yanatusaidia au yanatupotosha. Hoja yake ni kwamba matendo ya mashujaa wa pande hizi mbili yanafanana kwa kiasi cha kushangaza, ila kufanana kwa matendo si kufanana kwa ushujaa. Ili kumfahamu shujaa hatuna budi kuuliza maswali matatu: Ni nani aliyemtuma? Ni nani aliyefaidika na kazi yake? Na jamaa wa nyumbani mwake walilipa gharama gani? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo, kama tutakavyoona, ndilo linalowakutanisha mashujaa hawa mahali ambapo hatukutazamia.

2. Vyanzo na namna vilivyotufikia

Kabla ya kulinganisha, yafaa kukumbuka kwamba habari zenyewe hazikutufikia kwa njia moja. Wagiriki waliwaimba mashujaa wao katika tenzi ndefu, wakawaonyesha jukwaani katika tamthilia, wakawachonga katika mahekalu yao. Homer anamtaja Herakles mara nyingi. Sophocles na Euripides, katika karne ya 5 K.K., walimwandikia tamthilia. Na katika hekalu la Zeus huko Olympia, lililomalizika karibu mwaka 457 K.K., kazi zake kumi na mbili zilichongwa katika mawe. Baadaye kitabu kiitwacho Maktaba, ambacho hutajwa kwa jina la Apollodorus na ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha karne ya 1 au ya 2 B.K., kilizikusanya habari hizo na kuzipanga kama wasifu wa mtu mmoja tangu kuzaliwa hadi kufa.

China haikuwa na Homer wake wa mashujaa hawa. Habari za Yi na za Yu zimetawanyika vipande vipande katika vitabu vya falsafa, vya historia, vya jiografia ya maajabu, na vya ushairi. Kitabu kiitwacho Huainanzi, ambacho mwana wa mfalme Liu An alimpelekea Mfalme Wu wa enzi ya Han mwaka 139 K.K., kinamtaja Yi katika sura kadhaa, lakini kila mara kama mfano wa kuthibitisha hoja nyingine. Mencius anamtaja Yu anapojadili kazi ya mtawala. Sima Qian anamwingiza Yu katika historia yake kubwa kama mtu aliyeishi kweli na kuanzisha enzi ya Xia. Kwa hiyo msomaji wa Kigiriki alipokea hadithi iliyokamilika, na msomaji wa Kichina alipokea mfano uliokwisha kupewa mafundisho yake.

Tofauti hii ilizaa mijadala mikali hata katika nyakati zetu. Mwaka 1923 mwanahistoria Gu Jiegang aliwashtua wasomi wenzake aliposema kwamba Yu hakuwa mtu wa historia, bali kiumbe cha kisasili aliyevikwa mavazi ya mfalme na vizazi vya baadaye. Kwa upande mwingine, chombo cha shaba nyeusi cha enzi ya Zhou ya Magharibi, kilichojulikana mwaka 2002, kina maandishi yanayomtaja Yu na kazi yake ya kuipanga nchi na kuielekeza mito. Hivyo sifa zake ni za kale kuliko wengine walivyodhani. Mwaka 2016 wanajiolojia walitangaza dalili za gharika kubwa katika Mto Manjano karibu mwaka 1920 K.K., na wenzao wakawapinga. Mabishano hayo tuwaachie wenye taaluma hiyo. Sisi twauliza habari hizi zinamfundisha msomaji kumsifu mtu wa namna gani.

3. Kazi zinazofanana na watu waliotuma

Tuanze na yale yanayofanana. Huainanzi yasimulia kwamba katika siku za mtawala Yao jua kumi zilichomoza kwa pamoja. Mazao yakaungua, miti na majani vikafa, watu wakakosa chakula. Tena majitu na wanyama wakali wakawa wanawadhuru watu. Yao akamtuma Yi. Naye akawaua wanyama hao mmoja baada ya mwingine, akazipiga jua kwa mishale, akamkata vipande joka mrefu huko Dongting, na nguruwe-mwitu mkubwa akamkamata huko Sanglin.

Mtu aliyezisoma kazi za Herakles hawezi kukosa kushtuka. Herakles naye alimwua joka mwenye vichwa vingi, Hydra, katika kinamasi cha Lerna. Naye alimkamata nguruwe-mwitu wa Erymanthos akiwa hai. Naye aliwapiga kwa mishale ndege wa ziwa la Stymphalos. Hata jua analo katika habari zake: alipokuwa akisafiri kwenda kuchukua ng'ombe wa Geryon, joto lilimzidi, akapinda upinde na kumwelekezea Helios, mungu wa jua. Helios akastaajabia ujasiri wake, akampa bakuli la dhahabu ambalo kwalo alivuka bahari.

Hapo ndipo walinganishi wengi husimama na kufunga kitabu wakiwa wameridhika. Lakini tutazame tena visa hivyo viwili vya jua. Herakles analipindia jua upinde kwa sababu yeye mwenyewe anaona joto. Mshale hauondoki katika upinde. Jambo linamalizika kwa maafikiano kati ya wawili wanaoheshimiana, na zawadi inakwenda kwa aliyethubutu. Yi hazipigi jua kwa sababu ya joto lake binafsi. Anazipiga kwa sababu mashamba ya watu yameungua. Hapokei bakuli la dhahabu. Tendo ni moja, upinde ulioelekezwa juani, ila jambo lililompa kila mmoja haki ya kuuelekeza si moja.

Swali la aliyetuma lazidi kuitenga njia yao. Herakles alitumwa na Eurystheus, mfalme wa Tiryns na Mycenae, ambaye alipata ufalme kwa hila: Hera aliharakisha kuzaliwa kwake ili awe wa kwanza, na hivyo apewe utawala ambao Zeus alikuwa amemkusudia Herakles. Basi aliye mkubwa anamtumikia aliye mdogo. Wagiriki walilifahamu jambo hili vizuri, wakalicheka. Eurystheus anaogopa sana vitu anavyoviagiza hata anajitengenezea mtungi wa shaba ardhini na kujificha humo, na wachoraji wa vyungu walipenda kumwonyesha akichungulia kutoka mtungini huku Herakles amemshikilia nguruwe juu ya kichwa chake. Katika habari hizi heshima yote iko kwa mtumwa, na bwana hana kitu.

Katika Huainanzi mambo yamegeuzwa. Yi anapomaliza kazi, watu wote wanafurahi, na kwa furaha yao wanamsimika Yao kuwa mtawala wa nchi yote. Msomaji asilipite neno hili upesi. Aliyepiga mishale ni Yi, na aliyepata kiti ni Yao. Mwandishi hakuona ubaya wowote hapo, kwa kuwa nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba mtawala mwema ni yule ajuaye kumtuma mtu afaaye. Kwa Mgiriki, habari ya shujaa imeandikwa ili shujaa aonekane. Kwa mwandishi huyu wa Kichina, shujaa ametajwa ili utaratibu wa utawala uonekane. Kumwita Yi "Herakles wa China" ni kumrudishia sifa ambazo kitabu chenyewe kilizipeleka kwa mwingine, na kufanya hivyo bila kumwambia msomaji.

4. Maji: zizi la Augeas na gharika ya Yu

Kama ni lazima Herakles apewe mwenzi katika habari za Wachina, nadhani wa kumkaribia kwa manufaa zaidi ni Yu, ingawa Yu hakuwa mpiganaji wa kwanza kukumbukwa. Maji ndiyo yanayowaunganisha. Augeas, mfalme wa Elis, alikuwa na mifugo mingi, na samadi ilikuwa imerundikana. Herakles aliagizwa kuiondoa yote kwa siku moja. Alibomoa msingi wa ukuta wa zizi, akaigeuza mito Alpheus na Peneus ipite humo, na samadi ikachukuliwa na maji. Kazi ya akili, yenye kupendeza, iliyomalizika kabla ya jua kutua.

Lakini kazi hiyo haikuhesabiwa. Kwa mujibu wa Apollodorus, Herakles alikuwa amepatana na Augeas kwanza kwamba atapewa sehemu ya kumi ya mifugo. Augeas alipogundua kwamba kazi iliamriwa na Eurystheus, alikataa kulipa. Na Eurystheus alipogundua kwamba palikuwa na patano la ujira, alikataa kuihesabu miongoni mwa kazi zilizoagizwa. Ndivyo kazi kumi zilivyokuja kuwa kumi na mbili, maana ile ya Hydra nayo ilikataliwa kwa kuwa Herakles alisaidiwa na Iolaus, mwana wa ndugu yake. Kumbe ndani ya kisasili cha Wagiriki kuna hesabu kali: kazi ni halali ikifanywa peke yako na bila malipo. Hesabu hiyo inamhusu mtendaji. Kitabu hakiulizi kama watu wa Elis walipata nafuu, wala kama mito ilirudi katika njia yake.

Kwa Yu mambo huanzia mahali pengine. Gharika haikuwa ya siku moja. Baba yake, Gun, alikuwa amepewa kazi ya kuizuia, akajitahidi miaka tisa akijenga matuta, na matuta hayakufaa. Katika Shanhaijing, kitabu cha milima na bahari, Gun aliiba udongo wa ajabu unaojiongeza wenyewe, hakungoja amri ya Mkuu wa mbinguni, akauawa karibu na Mlima wa Unyoya. Wafasiri wanaomwita Prometheus hushika wizi huo tu. Tofauti yenyewe ni kubwa: moto wa Prometheus ulibaki kwa wanadamu, na yeye akafunguliwa baadaye, tena na Herakles mwenyewe aliyempiga tai kwa mshale. Udongo wa Gun haukuimaliza gharika, wala hakuja shujaa wa kumfungua. Kilichotoka kwake ni mwana: kisasili chasema Yu alitoka tumboni mwa maiti ya baba yake.

Yu hakurudia njia ya baba yake. Aliacha kuyazuia maji akayafungulia njia, akichimba mifereji na kuielekeza mito mpaka baharini. Huu si ushindi wa siku moja. Mencius anasema Yu alikuwa mbali na nyumbani miaka minane. Sima Qian anasema kumi na mitatu. Mwandishi wa sura ya mwisho ya Zhuangzi anakumbuka kwamba miguu yake ilikwisha kunyonyoka malaika kwa kutembea majini. Kipimo cha kazi yake ni ardhi iliyokauka na watu walioweza kulima tena.

Hapa msomaji wa Biblia yampasa awe mwangalifu. Akisikia neno gharika humkumbuka Nuhu mara moja, na Wagiriki nao wanaye Deukalion aliyeokoka ndani ya sanduku pamoja na mkewe Pyrrha, baada ya Zeus kukusudia kuwaangamiza watu. Habari ya Yu si ya jamii hiyo. Katika vyanzo vyake vikuu maji hayakutumwa kama hukumu juu ya uovu wa wanadamu, hakuna safina, wala hakuna mmoja anayeokolewa huku wengine wakizama. Swali la kisasili hiki ni jinsi nchi itakavyofanywa ikalike tena kwa wote. Anayekisoma kwa macho ya Mwanzo 6 hadi 9 peke yake ataona mapungufu mahali ambapo pana jambo jingine kabisa.

5. Mlango wa nyumba

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba makala haya yanakusudia kumpa Mchina ushindi na kumwonyesha Mgiriki kuwa mbinafsi. Wako wanaoandika hivyo, nao hukosea. Kwanza, Wagiriki wenyewe walimwita Herakles mwepusha maovu na kumwomba kwa jina hilo. Waliamini kwamba njia na mashamba yao ni salama zaidi kwa sababu yake. Pili, Yu alipata malipo makubwa kuliko Herakles, maana alipata nchi. Mwanawe Qi alimrithi, na hapo, kwa mapokeo ya Wachina, utawala ukaanza kushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana badala ya kwenda kwa anayefaa. Tena Guoyu, kitabu cha mazungumzo ya falme, kinakumbuka kwamba Yu alipowakusanya wakuu huko Kuaiji, Fangfeng alichelewa kufika, na Yu akamwua. Mtumishi wa maji alikuwa na upanga pia.

Lakini swali lenye uzito zaidi ni lile la tatu. Sifa inayorudiwa kuliko zote juu ya Yu ni kwamba katika miaka yake ya kazi alipita mlangoni pa nyumba yake asiingie. Mencius anasema mara tatu. Katika Shujing, Yu mwenyewe anasimulia kwamba alioa huko Tushan, akakaa siku nne tu, na mtoto wake Qi alipokuwa akilia hakuweza kumtunza, kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa katika kazi ya nchi. Vizazi vingi vimefundishwa kulisifu jambo hili. Afisa asiyeingia nyumbani kwake ndiye afisa mwaminifu.

Je, nyumba ilisema nini? Vitabu vikuu vinanyamaza. Lakini kuna habari moja, iliyohifadhiwa na Yan Shigu, mfafanuzi wa karne ya 7, ambaye anaitaja kuwa imetoka katika Huainanzi, ingawa haimo katika nakala tulizo nazo leo. Yu alikuwa akipasua njia ya maji katika mlima, naye alijigeuza dubu ili apate nguvu. Alikuwa amemwagiza mkewe amletee chakula atakaposikia ngoma. Siku moja, alipokuwa akirukaruka juu ya mawe, aligonga ngoma bila kukusudia. Mke akaja na chakula, akamwona mumewe katika umbo la dubu, akaona haya akakimbia, na huko mbele akageuka kuwa jiwe. Alikuwa na mimba. Yu akamfuata akapaza sauti akidai mwanawe. Jiwe likapasuka, na Qi akazaliwa. Jina lake lina maana ya kufungua.

Sijui habari kali kuliko hii katika masimulizi yote ya Yu. Mtu aliyejua kuufungulia kila mto njia yake anarudi kwa mkewe akiwa mnyama, na neno alilolipaza mbele ya jiwe lilikuwa la kumdai mtoto, si la kumwomba mama arudi. Msimulizi hakutoa mafundisho. Hata hivyo alikiona kile ambacho sifa ya milango mitatu inakificha: kazi ya miaka kumi na mitatu ilimbadilisha mtendaji hata wa nyumbani mwake wakashindwa kumtambua.

Sasa tumwendee Herakles. Katika tamthilia ya Euripides iitwayo kwa jina lake, iliyoandikwa karibu mwaka 416 K.K., shujaa anarudi nyumbani baada ya kumaliza kazi zote, anawaokoa mkewe Megara na watoto wake wasiuawe na adui, kisha, kwa wazimu alioletewa na Hera, anawaua yeye mwenyewe. Anawaona kama watoto wa Eurystheus. Katika mpangilio wa Apollodorus mauaji ya watoto hutangulia kazi, na kazi huwa njia ya kutakaswa. Euripides aliyaweka baada ya kazi, na kwa kufanya hivyo aligeuza maana yote. Mkono uliozoea kuua majitu haukujua kuacha. Herakles anataka kujiua, na rafiki yake Theseus anamshawishi aishi, akiwa hana sifa wala silaha za kumfariji, ila bega la mwenzake la kuegemea.

Basi mashujaa wanaokutana kweli si mpiga upinde wa jua na mpiga ndege wa Stymphalos. Ni dubu wa mlimani na mwendawazimu wa Thebes. Pande zote mbili zilimtuma mtu kupambana na nguvu za kinyama, na pande zote mbili mtu mmoja miongoni mwa wasimulizi alithubutu kusema kwamba nguvu hizo zilirudi naye nyumbani. Tofauti ni kwamba Wagiriki waliyasema hayo jukwaani, mbele ya mji mzima, na habari ya Kichina ilibaki pembeni, katika maelezo ya mfafanuzi. Huo si upungufu wa kisasili cha Kichina. Ni tokeo la kule kumfanya shujaa kuwa mfano wa utawala: mfano hauruhusiwi kuwa na mke anayekimbia.

6. Kifo na dawa ya kutokufa

Tuwatazame pia katika mwisho wao. Homer ana kauli mbili juu ya Herakles. Katika Iliad, Achilles anajifariji kwamba hata Herakles hakuepuka kifo. Katika Odyssey, Odysseus anakiona kivuli cha Herakles kuzimu, na papo hapo anaelezwa kwamba Herakles mwenyewe yuko karamuni pamoja na miungu. Wagiriki hawakuwa na hakika wamweke wapi. Baadaye mapokeo yalikubali kwamba alijipandisha juu ya kuni zilizowashwa katika Mlima Oeta akachukuliwa mbinguni. Jambo la kuzingatia ni kilichompeleka huko: sumu ya Hydra, aliyoipaka mishale yake, iliingia katika damu ya Nessus, na damu hiyo ikapakwa katika vazi alilotumiwa na mkewe Deianeira aliyetaka arudishiwe mapenzi. Kazi ya pili kati ya kumi na mbili ndiyo iliyomwua. Silaha ilirudi kwa mwenyewe kupitia nyumbani.

Yi naye aliuawa na kazi yake, kwa njia nyingine. Aliomba dawa ya kutokufa kwa Malkia Mama wa Magharibi, na mkewe Chang'e akaiiba akakimbilia mwezini. Yi akabaki duniani, mwenye kufa. Huainanzi yasema aliuawa kwa rungu la mti wa pichi. Mencius anasema aliyemwua ni Pang Meng, mwanafunzi aliyejifunza kwake kupiga upinde na kuona kwamba asipokuwapo mwalimu hakuna atakayemzidi. Mencius haishii kumlaumu mwuaji. Anasema Yi naye alikuwa na sehemu ya hatia. Akiendelea anatoa mfano wa mwalimu aliyeokolewa kwa sababu alichagua wanafunzi waaminifu, hivyo twaelewa kosa la Yi lilikuwa kufundisha ustadi bila kuangalia tabia. Neno hilo lawahusu walimu wa kila fani.

Mambo yanakuwa magumu zaidi kwa sababu kuna Yi wawili. Zuozhuan yamtaja Yi mwingine, mtawala aliyenyakua madaraka wakati wa Xia, akazama katika kuwinda hata akasahau watu wake, akauawa na wa nyumbani kwake. Ni vigumu kuamua kama ni mtu mmoja aliyegawanywa au wawili waliounganishwa. Lakini kwa msomaji wa baadaye jina moja lilibeba mwokozi wa mazao na mwindaji aliyeharibika. Mwandishi Lu Xun alilitambua jambo hilo katika kitabu chake cha hadithi za kale zilizosimuliwa upya, kilichochapishwa mwaka 1936. Humo Yi amekwisha kuwaua wanyama wakubwa wote, hana cha kuwinda ila kunguru, na mkewe amechoka kula nyama ya kunguru. Shujaa aliyefanikiwa kabisa hana kazi tena. Katika nyakati zetu vyombo vya China vya kwenda mwezini, kuanzia kile cha mwaka 2007 hadi kile kilichorudi na udongo wa upande wa mbali wa mwezi mwaka 2024, vimeitwa kwa jina la Chang'e. Aliyeshusha jua hakupewa heshima hiyo. Aliyeondoka nyumbani ndiye anayekumbukwa kila mwezi unapoandama.

7. Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, kufanana kwa kazi za Herakles na za Yi ni kwa kweli, lakini hakutoshi kuwafanya kuwa shujaa mmoja mwenye majina mawili. Mmoja anasimuliwa ili yeye aonekane, na mwingine ili utaratibu uliomtuma uonekane. Pili, Yu anamfaa Herakles zaidi kama mwenzi wa mazungumzo, kwa sababu kazi zao za maji zinaonyesha hesabu mbili: ile ya mtendaji aliye peke yake, na ile ya nchi inayokauka. Tatu, hesabu zote mbili zinaacha deni moja bila kulipwa, nalo ni deni la nyumbani.

Kwa ajili hiyo yafaa tuache desturi ya kumwita mtu "Herakles wa" mahali fulani. Jina hilo laficha swali lililotakiwa kuulizwa. Afadhali mwanafunzi aziweke habari mbili sambamba, akubali kila moja iihoji nyenzake, na asiwe na haraka ya kutangaza mshindi. Euripides anatufundisha kumwuliza Yu swali ambalo Mencius hakumwuliza. Yu naye anatufundisha kumwuliza Herakles kama mto Alpheus ulirudishwa katika njia yake baada ya zizi kusafishwa.

Na katika chuo kinachowaandaa watumishi, swali la mlango lina uzito wake. Sisi nasi tunazo sifa za namna ile: tunamsifu katika mazishi yake mtu ambaye hakupumzika, aliyesafiri daima, ambaye watoto wake walimfahamu kwa mbali. Tunaitaja milango aliyoipita kama ushahidi wa uaminifu wake, na mara nyingi mjane ameketi mbele yetu akisikiliza. Wasimulizi wa kale, wa Thebes na wa Tushan, hawakukataa kwamba maji yalihitaji kufunguliwa njia na majitu yalihitaji kuuawa. Walichokataa ni kusimulia kazi hiyo kana kwamba ndani ya nyumba hapakuwa na mtu. Mhakiki atakayesoma visasili hivi baada yetu na aanzie hapo.